Stima ya ploti: sola, betri, na nani anazimwa kwanza?

Stima ikipotea Umoja, Kayole au Pipeline, kitu cha kwanza watu hufanya ni kuchungulia dirishani. Jirani naye akiwa gizani, tunapumua: kumbe si tokeni zimeisha, ni laini. Lakini siku hizi unaweza kuchungulia ukaona ploti moja ng'ambo ya barabara bado inawaka. Juu ya paa kuna paneli za sola, chini ya ngazi kuna kabati la betri, na kila nyumba ina mita yake ndogo inayolipiwa kwa simu.

Landilodi akileta mfumo kama huo kwenu, maswali hayakosi. Tunalipia nini hasa? Mbona nimetuma pesa na bado pasi haifanyi kazi saa mbili usiku? Na kama betri ni moja na nyumba ni 20, nani anaamua kwamba mimi nizimwe na wewe uachwe? Maswali haya ni ya haki, maana pesa ni yako. Leo tunaeleza jinsi gridi ndogo inavyopangwa na kuongozwa, na mambo ya kuuliza kabla hujabonyeza "tuma".

Gridi ndogo ni nini?

Gridi kubwa ni ile ya nchi nzima. Umeme unatoka mvuke wa Olkaria, maji ya mto Tana na upepo wa Turkana, unasafiri kwa nyaya ndefu hadi transfoma ya mtaa wenu, halafu unaingia kwako. Gridi ndogo ni mpango huohuo ukiwa umefinywa: chanzo chake kiko karibu, wateja wake wanajulikana, na ina uwezo wa kujiendesha peke yake. Inaweza kuwa ya kijiji, ya shule, ya soko au ya ploti moja.

Kwa nini mtu aitake na waya wa Kenya Power tayari uko mlangoni? Kumbuka Juni 7, 2016. Tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru. Transfoma ikajizima, mashine nyingine za kituo zikazidiwa nazo zikajizima, zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mpigo, na nchi ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alinusurika. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipoteza stima tena, na kabla mwaka haujaisha yakatokea mengine Novemba na Desemba.

Gridi kubwa ni kama mkokoteni uliojaa mzigo ukipandishwa mlima na watu wengi. Mmoja akiachia ghafla, waliobaki wanazidiwa. Wasipotupa sehemu ya mzigo upesi, wote wanaachia. Gridi ndogo haizuii jambo hilo litokee Gitaru. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba likitokea, ploti yenu inaweza kujitenga na mkokoteni na kuendelea na mzigo wake mdogo.

Kenya haijaanza leo

Mpeketoni, Lamu, wakazi walikuwa na gridi yao ya jenereta ya dizeli tangu 1994, miaka mingi kabla ya laini ya taifa kufika. Mafundi seremala na mafundi cherehani waliounganishwa waliweza kutumia mashine za umeme na kufanya kazi nyingi zaidi kwa siku. Funzo la Mpeketoni ni kwamba stima ya kijiji hudumu pale inapowasaidia watu kupata riziki, maana ndipo wanapoweza kuilipia.

Kisha simu ikaingia. M-PESA ilianza Machi 2007, na miaka michache baadaye kampuni kama M-KOPA zikaonyesha kwamba mtu anaweza kulipia sola kidogokidogo kwa siku, na kifaa kikajiwasha au kujizima kulingana na malipo. Mwaka 2015, Powerhive ikawa kampuni ya kwanza ya binafsi kupewa idhini Kenya ya kuzalisha na kuuzia wananchi umeme, na ilianza na vijiji vya Kisii na Nyamira. Huko wateja hulipa kwa simu, na mita hupata habari bila mtu kuandika nambari yoyote.

Hapa Nairobi, walio na sola kubwa wamekuwa zaidi taasisi na maduka makubwa. Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014. Garden City, barabara ya Thika, iliweka kilowati 858 juu ya maegesho ya magari mwaka uliofuata. Ploti za Eastlands zina mapaa madogo na watu wengi, kwa hivyo hesabu yake ni tofauti kabisa. Tuifanye.

Hesabu ya ploti moja

Tuchukue mfano tu: ploti ya nyumba 20. Paneli za paani ni kilowati 5. Kwa jua la Nairobi, siku nzuri zitatoa kama yuniti 20. Yuniti moja ni kifaa cha kilowati 1 kikifanya kazi saa nzima. Betri ni ya yuniti 15, lakini kuimaliza yote hadi sifuri ni kuiua mapema, kwa hivyo tuseme tunatumia yuniti 12.

Jioni, kila nyumba ina taa, simu zinachajiwa na TV inawaka. Tuseme wati 80 kwa nyumba. Nyumba 20 ni kilowati 1.6. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku ni saa tano, kwa hivyo mnatumia yuniti 8. Betri inabaki na 4 za taa za ngazi na usalama hadi asubuhi. Maisha yanaendelea.

Sasa asubuhi inafika na watu wanataka kuoga maji moto. Shawa ya umeme ya papo kwa papo hula kama kilowati 5. Mtu mmoja akioga dakika 10 ametumia karibu yuniti 0.83. Watu 20 wakioga hivyo ni karibu yuniti 17, zaidi ya betri nzima hata kama ingekuwa imejaa. Tena wawili wakioga kwa wakati mmoja ni kilowati 10 kwa mpigo. Kama inverta ni ya kilowati 8, inajizima papo hapo, na ploti yote inakaa gizani kwa sababu ya watu wawili waliojaa povu.

Hapo ndipo unaona kwamba tatizo ni mawili. La kwanza ni yuniti: je, zitatosha hadi asubuhi? La pili ni nguvu ya wakati mmoja: je, inverta itaweza kubeba vyote vilivyowashwa sasa hivi? Unaweza kuwa na yuniti tele kwenye mita yako na bado ukazimwa kwa sababu ya la pili. Ukiona hivyo, pesa yako haijapotea. Subiri, punguza mzigo, kisha washa tena.

Nani anaongoza?

Kazi ya kuongoza gridi ndogo inafanywa kwa tabaka, na kila tabaka lina kasi yake.

*Ndani ya sekunde moja: inverta.* Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240, na unabadilisha mwelekeo na kurudi mara 50 kila sekunde. Kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika kila wakati. Mzigo ukizidi, mapigo hayo hupungua au volti hushuka, ukipungua, hupanda. Laini kubwa ikiwepo, ndiyo inayoshika mapigo na sola inafuata. Laini ikipotea, lazima inverta yenu iwe ya aina inayoweza kuongoza yenyewe. Si zote zinaweza. Ndiyo maana kuna watu wameweka paneli na stima ikipotea mchana wa jua kali nao wanakaa gizani: inverta yao ni ya kufuata tu.

*Stima ikipotea: swichi ya kujitenga.* Kabla betri haijaanza kulisha ploti, lazima swichi ikate uhusiano na waya wa nje. Hili ni suala la uhai. Umeme wenu ukirudi nje kwenye laini, fundi aliyepanda mlingoti akidhani laini imekufa anaweza kupigwa na stima. Mfumo usio na swichi hiyo usikubaliwe kwenye ploti, hata uwe bei ya bure.

*Dakika kwa dakika: kidhibiti.* Hiki ndicho ubongo. Kinaangalia betri imebaki kiasi gani, jua liko vipi na nyumba zinatumia nini, kisha kinaamua kipi kiendelee. Kwa kawaida vitu hupangwa kwa madaraja. Daraja la kwanza ni taa za ngazi, lango, taa moja au mbili za kila nyumba na chaji ya simu. La pili ni TV, redio, friji. La tatu ni pasi, birika na shawa. Betri ikishuka hadi kiwango kilichowekwa, daraja la tatu hukatwa kwanza, halafu la pili. La kwanza ndilo la mwisho kuguswa.

*Siku kwa siku: ratiba.* Hapa ndipo gridi inakuwa nyumbufu, yaani inajipinda kufuata jua badala ya kutaka jua liifuate. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi iwake saa sita mchana, sola ikiwa juu. Kupiga pasi kufanyike mchana wa Jumamosi. Friji ya duka la chini ipoe sana alasiri ili usiku ifanye kazi kidogo. Tangi la maji likijaa mchana, ni kama mmeweka betri nyingine juu ya paa bila kuinunua. Viwanda vya Kenya vimekuwa na bei nafuu ya saa za usiku tangu mwisho wa 2017 kwa sababu hiyohiyo: bei huhamisha matumizi kutoka saa za msongamano.

Kwa hivyo jibu la "nani anazimwa kwanza" si mashine. Mashine inafuata tu orodha. Mtu ndiye aliyeiandika orodha, na kama mpangaji hakuuliza, imeandikwa na fundi na landilodi peke yao. Mama mwenye mashine ya kusaidia mtoto kupumua, au fundi cherehani anayefanya kazi ndani ya nyumba, anastahili kusikika kabla ya madaraja kupangwa, si baada.

Pesa yako inapita wapi?

Tokeni za Kenya Power unazijua. Unatuma kwa Paybill 888880, unaweka nambari ya mita kama akaunti, na SMS inarudi na tarakimu 20. Tarakimu hizo zimefungwa kwa mita yako peke yake na zinatumika mara moja tu. Jirani hawezi kuzitumia, hata ukimpa.

Huenda unakumbuka 2024, SMS ziliporudi na mafungu matatu ya tarakimu badala ya moja. Wengi walidhani ni utapeli. Sababu ilikuwa kwamba mita za aina hii duniani kote huhesabu dakika kuanzia 1993, na hesabu hiyo ilikuwa ijaze nafasi yake Novemba 24, 2024. Mafungu mawili ya kwanza yaliweka mita sawa, la tatu likawa ndilo stima.

Mita mahiri ya gridi ndogo ni tofauti. Ukilipa, habari ya malipo huenda kwa kompyuta ya mwenye mfumo, kompyuta hutuma ujumbe kwa mita kupitia mtandao wa simu, na mita inajifungua. Huandiki nambari. Faida ni kwamba ni haraka, na salio likikaribia kwisha unaweza kupata SMS. Hasara ni kwamba mtandao ukilala, pesa inaweza kutoka kwako na stima isifunguke mara moja. Likikupata hilo:

Usilipe mara ya pili kwa hasira. Hifadhi SMS ya malipo, maana nambari ya muamala ndiyo ushahidi wako. Piga simu kwa mwenye mfumo ukiwa nayo mkononi. Kama ulikosea nambari ya akaunti au Paybill, tuambie upesi iwezekanavyo, kabla aliyepokea hajaitoa pesa. Na mtu yeyote akikupigia akidai ni wetu au ni wa mita na akuulize PIN, kata simu. Hatuulizi PIN.

Jambo moja zaidi: kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea. Kama karatasi ya keretaka iliyobandikwa mlangoni inaonyesha Paybill ya kampuni lakini jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama hapo. Muulize landilodi mwenyewe.

Mtego wa mita moja

Hili linawagusa hata wasio na sola, na wengi hawalijui. Tangu Aprili 2023, bei ya umeme wa nyumbani ya Kenya Power ina makundi matatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, zaidi ya 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Anayetumia kidogo hulipa kidogo zaidi kwa kila yuniti.

Sasa tuseme ploti ina mita moja kubwa ya nyumbani ya Kenya Power na mita ndogo 20 ndani. Kila nyumba inatumia yuniti 25. Kila mmoja angekuwa na mita yake, wote wangekuwa kundi la chini. Lakini mita kubwa inaona yuniti 500, na kuziweka kundi la juu. Watu 20 wanaotumia kidogo wanalipishwa kama tajiri mmoja. Juu ya hapo kuna gharama ya mafuta ya mitambo, tozo na VAT, na pengine kitu cha juu anachoongeza mwenye mita ndogo.

Sola ya ploti inaweza kupunguza yuniti zinazopita kwenye mita kubwa. Lakini haiwezi yenyewe kufanya bei iwe ya haki. Landilodi akisema "sasa tuna sola, bei ni ileile", uliza ile akiba imeenda wapi. Inawezekana inalipia mkopo wa betri, na hilo ni jibu halali likionyeshwa kwa hesabu.

Tuwe wakweli pia upande wa pili. Gridi ndogo za vijijini mara nyingi huuza yuniti kwa bei ya juu kuliko Kenya Power, kwa sababu gharama ya betri na nguzo inagawanywa kwa watu wachache. Eastlands nguzo zipo tayari, lakini betri bado ni pesa nyingi na ina umri wake. Mfumo usiotenga pesa ya kubadilisha betri utakufa kimya baada ya miaka michache, na mtakuwa mmelipia paneli zisizoweza kuwasha taa usiku.

Uliza haya kabla ya kutuma shilingi ya kwanza

1. Bei ya yuniti ni ngapi ikitoka sola, na ni ngapi ikitoka Kenya Power? Je, mita yangu inaonyesha tofauti?
2. Ukomo wa nyumba yangu ni wati ngapi kwa wakati mmoja? Ukijua ni 500, hutajaribu birika la wati 1,500.
3. Madaraja yamepangwaje, na betri ikifika kiwango gani mimi nakatwa nini?
4. Swichi ya kujitenga ipo, na ilijaribiwa lini?
5. Fundi ana leseni ya EPRA? Kazi ya sola Kenya inahitaji fundi mwenye leseni.
6. Mwenye mfumo ana idhini ya kuuzia wengine umeme? Chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, mtu anaweza kujizalishia matumizi yake mwenyewe hadi megawati 1 bila leseni, lakini kuuza ni jambo lingine na msimamizi wake ni EPRA.
7. Nikihama, salio langu kwenye mita linarudishwa vipi?
8. Nikiwa na shida saa nne usiku, nampigia nani?

Swali la saba limesahaulika na wengi. Watu huhama mwisho wa mwezi wakiwa na salio kwenye mita, na kwa kuwa hakuna kilichoandikwa, pesa inabaki kwa mpangaji anayeingia au kwa mwenye mfumo. Andikeni kwenye mkataba wa nyumba.

Na mwisho, kama jirani anakuambia kuna njia ya mkato ya kuvuta waya usiku bila mita, kataa. Waya huo hauna ukomo wala swichi, wala mtu wa kuwajibika moto ukianza. Nyumba zetu zimebanana. Moto wa mlango mmoja unakuwa wa mtaa mzima.

Ukitoka kazini leo, simama dakika moja kwenye ngazi uangalie mita zenu. Soma nambari yako, ihifadhi kwenye simu, na uwaulize majirani wawili watatu kama wanajua bei ya yuniti moja. Mkigundua hakuna anayejua, mmeshapata ajenda ya mkutano wa ploti.